Mkulima wa Newala kahakikiwa mpaka vidole, mwenye anwani za intaneti je?

Hii mada mhariri wangu ameikataa, anasema ni mambo ya kompyuta na hayauzi gazeti. Sawa, hapa mhariri ni mimi, kwa hiyo leo mtanivumilia. Kazi imenileta kusini, Masasi na Newala, kufuatilia korosho, na kadiri ninavyoongea na wakulima ndivyo hasira inavyonipanda kuhusu kitu ambacho wao wenyewe hata hawakijui.

Hoja yangu ni fupi. Nchi hii inajua sana kuhakiki, lakini inahakiki watu wa chini tu. Ukipanda juu, kwa makampuni na maofisi yaliyoshika anwani za intaneti na majina ya tovuti ambayo sisi wote tunayategemea, hakuna anayeuliza kama ile namba ya simu iliyoandikwa kwenye daftari bado inaita.

Hebu tuhesabu kwanza. Mkulima wa Newala ana simu ya kitochi. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, mwaka 2010 ikaja sheria ya EPOCA ikaufanya lazima. Akasajili. Mei 2019 akaambiwa ule wa zamani haufai, sasa ni alama za vidole na namba ya NIDA. Mwisho 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku mpaka 20 Januari 2020. Nadhani mnazikumbuka zile foleni. Huku kulikuwa na kasheshe ya ziada ambayo wa Dar hamkuipata: mtu aliyebangua korosho kwa mkono miaka na miaka, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, vidole vimelika, mashine inagoma kusoma. Bibi wa watu anarudishwa nyumbani kwa sababu vidole vyake havipo! Februari 2023 tena likapita panga la kuzima laini ambazo hazijahakikiwa. Na mpaka leo anakumbushwa abonyeze *106# aangalie kama hakuna mjanja aliyesajili laini kwa kitambulisho chake.

Hiyo ni simu tu. Njoo kwenye korosho. Stakabadhi ghalani ilianza huku Mtwara mwaka 2007, na tangu hapo mkulima ni jina kwenye daftari la AMCOS kabla ya kuwa mtu. Novemba 2018 serikali ilipotangaza itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba, neno lililotawala msimu ule halikuwa bei, lilikuwa UHAKIKI. Una shamba? Liko wapi? Twende ukalionyeshe. Jina la AMCOS ni lilelile la benki? Waliokuwa na majina yasiyofanana walisota, na kutofanana majina huku ni jambo la kawaida kabisa, maana mtu ana jina la nyumbani, ana la shule, ana la dini. Lengo lilikuwa kuwanasa wale wa kangomba, wanaonunua kwa bei ya kutupa na kuuza kama yao. Sawa. Lakini aliyesimama juani ni mzee mwenye magunia matatu.

Sasa nije kwa wakubwa.

Kila kitu kilicho kwenye intaneti lazima kiwe na namba, inaitwa anwani ya IP. Namba hizi hazioti kama uyoga, zinagawiwa. Dunia nzima kuna rejesta tano tu za kuzigawa, na ya kwetu Afrika inaitwa AFRINIC, iko Ebène, Mauritius, ilitambuliwa rasmi na ICANN Aprili 2005. Kabla ya hapo tulikuwa tunabisha hodi kwenye rejesta za wenzetu, Ulaya, Marekani na Asia. Kampuni ya simu, chuo kikuu, benki, taasisi ya serikali, wote wakitaka fungu lao la namba wanaomba AFRINIC, na fungu likitolewa linaandikwa kwenye daftari la wazi linaloitwa Whois: nani kapewa, mtu wa utawala ni nani, mtu wa ufundi ni nani, baruapepe hii, simu hii.

Watu wengi wanadhani ile baruapepe imewekwa pale kama pambo. Siyo pambo, ule ni ufunguo. Rejesta haikujui sura wala haijawahi kunywa chai na wewe. Inachokijua ni kwamba ujumbe umetoka kwenye anwani iliyoandikwa daftarini. Ukisahau nywila, kiungo cha kubadilisha kinakwenda hapo. Ankara ya ada ya mwaka, hapo. Onyo kwamba seva yako imeingiliwa na inatuma uchafu dunia nzima, hapo. Karatasi ya kura ya kuchagua bodi, hapo hapo. Sasa fikiria aliyekuwa na hiyo anwani aliacha kazi mwaka 2014 na sasa yuko Canada anaendesha lori.

Na mambo haya siyo ya kusadikika. Desemba 2019 iliripotiwa kashfa ambayo ingekuwa ya dhahabu au ya tembo ingeandikwa ukurasa wa mbele siku 30 mfululizo. Mtafiti wa Marekani Ron Guilmette, akishirikiana na mwandishi Jan Vermeulen wa tovuti ya MyBroadband ya Afrika Kusini, walifukua mafungu makubwa ya anwani za Afrika yaliyokuwa yamehamishwa kimya kimya mikononi mwa watu wasiohusika. Mwandishi Brian Krebs alipoiandika aliweka thamani ya dola milioni 50. AFRINIC wakafanya ukaguzi wao, na ripoti iliyotoka Januari 2021 ikakiri anwani zaidi ya milioni 4: karibu milioni 2.4 zilichotwa kwenye ghala la AFRINIC lenyewe, na karibu milioni 1.8 zilikuwa mali ya makampuni na taasisi zilizopewa zamani, kabla AFRINIC haijazaliwa. Mfanyakazi mmoja wa siku nyingi akaondoka, suala likapelekwa polisi.

Mnaweza kusema huo ni wizi wa mtu wa ndani, daftari lingefanya nini. Ngoja kwanza. Angalia zile za zamani, hizo milioni 1.8. Kwa nini ilichukua miaka mtu kugundua? Kwa sababu wenyewe hawakuwepo. Kampuni ilipewa fungu miaka ya tisini, ikauzwa, ikabadilishwa jina, aliyeandikwa akastaafu, baruapepe ikafa, na hakuna aliyewahi kurudi kurekebisha. Kwenye daftari kulikuwa na mizimu. Na mzimu ukiibiwa haupigi kelele.

Kuna mbinu ya zamani katika biashara hii ambayo haihitaji hata mtu wa ndani. Mjanja anapitia daftari la wazi, anatafuta fungu ambalo baruapepe yake iko kwenye jina la tovuti lililokwisha muda na halikulipiwa. Analinunua lile jina kwa dola kama kumi hivi, kihalali kabisa. Anatengeneza upya ile anwani ya baruapepe. Anaiandikia rejesta: habari, mimi ni fulani, nimesahau nywila. Rejesta inaangalia, ujumbe umetoka kwenye anwani sahihi, karibu sana mheshimiwa. Hapo hakuna mlango uliovunjwa, mwizi kaingia na ufunguo alioukuta umetupwa jalalani.

Kwa nini wanazing'ang'ania? Kwa sababu zimeisha. Anwani za aina ya zamani, IPv4, kwa hesabu ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Ghala kuu la dunia lilikauka Februari 2011, Marekani Kaskazini wakaishiwa Septemba 2015, Ulaya wakafunga Novemba 2019. Afrika tulichelewa kuzichukua, kwa hiyo ndiyo tuliobaki na akiba, na kitu kikishakuwa adimu kinapata soko na madalali. Na mnajua pakishakuwa na madalali Afrika kinachofuata ni nini.

Najua kuna anayejiuliza, sasa huyu wa Newala inamhusu nini? Inamhusu hivi. Kwa kuwa anwani hazitoshi, kampuni za simu zinawabandika wateja mamia kwenye anwani moja. Wewe uliyeko Masasi na mtu usiyemjua mko nyuma ya namba ileile. Yeye simu yake ikiingiwa na virusi ikaanza kutuma uchafu, mtandao wa ng'ambo unaifungia namba nzima, na wewe unaanza kuulizwa kila saa kama ni roboti, mara uchague picha za taa za barabarani, mara baruapepe ya ofisi inakataliwa. Mlalamikaji kule ng'ambo alijaribu kwanza kuwasiliana na mwenye namba. Aliandika kwenye anwani ya malalamiko iliyoko daftarini. Ikarudi kwamba haipo. Sasa ulitaka afanye nini?

Tuje kwenye majina, maana hayo ndiyo yanatuumiza zaidi nyumbani. Kikoa chetu cha .tz kilipata msimamizi wa hapa nchini, tzNIC, iliyoundwa mwaka 2006 na TCRA pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA. Hatua nzuri. Machi 2017 halmashauri zote zikazinduliwa tovuti kwa msaada wa mradi wa PS3 wa USAID, Masasi na Newala zikiwemo. Shule, hospitali, vyama vya ushirika, makanisa, kila mmoja na jina lake. Lakini nenda kaulize katika taasisi yoyote ndogo: hili jina limesajiliwa kwa baruapepe ya nani? Utaangaliwa kama umeuliza habari za mke wa mtu.

Mimi nimeuliza. Kuna taasisi moja ya kanda hii, siitaji, nilikuwa nataka takwimu ndogo tu. Namba ya simu iliyowekwa mtandaoni kama ya mawasiliano nikaipiga. Akapokea mama mmoja mpole sana, anauza vitumbua. Laini alinunua mpya kabisa, hajui lolote, ila anasema kila wiki kuna watu wanampigia kuulizia habari za ofisi, na sasa amezoea, huwa anawaelekeza waende wenyewe. Yaani huduma kwa wateja inatolewa na muuza vitumbua, bure! Namba za simu zikikaa bila kutumika zinarudi sokoni, kila mtu anajua. Nilipofika ofisini kuuliza tovuti yao inasimamiwa na nani, nikaambiwa kuna kijana aliitengeneza, aliiandika kwa baruapepe yake ya Yahoo, alikwenda kusoma hakurudi. Tarehe ya kulipia ikifika, kumbusho linakwenda kwa kijana. Asipoisoma, jina linakufa, na atakayelinunua kesho anaweza kuweka pale fomu ya maombi ya kazi yenye nembo ileile na namba ya kutumia pesa. Sisi tunaopokea kila siku zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tunajua jinsi Mtanzania anavyoibiwa. Meseji zile unaweza kuziripoti 15040. Tovuti ya taasisi iliyobadilika mwenyewe utaripoti wapi, wakati hata wewe hujui kwamba imebadilika?

Nitoke nje kidogo. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alizunguka huku Masasi na Newala akiandika mila za watu. Aliandika kitu ambacho wazee wa huku hawahitaji Mjerumani kuwaambia: kijana akitoka jandoni anapewa jina jipya, na lile la utotoni halitajwi tena. Angalia namna ilivyofanyika. Haikuwa siri ya baba na mwana. Kijiji kizima kilikuwepo, ngoma inalia, kila mtu anasikia kwamba kuanzia leo huyu anaitwa hivi. Daftari lao lilikuwa vichwani mwa watu, na walilirekebisha kila msimu mbele ya mashahidi. Leo tuna seva na mkongo wa taifa na tumeshindwa kufuta jina la mtu aliyeacha kazi miaka kumi iliyopita.

Kuna rafiki zangu wanaharakati nimeongea nao wakanijia juu. Wewe mwandishi wa habari unataka uhakiki zaidi? Umesahau? Sijasahau. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alipofikishwa mahakamani, shtaka mojawapo lilikuwa kuendesha tovuti isiyo na kikoa cha .tz. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui, mwanablogu akatakiwa alipe zaidi ya shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza na aeleze yeye ni nani na anakaa wapi. Blogu nyingi nilizokua nazisoma zilikufa mwaka ule. Kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini mtu akisikia neno uhakiki anashika mlango.

Lakini jamani, tusichanganye mafaili. Kumhakiki mtu anayeongea ili ajulikane akamatwe ni kitu kimoja. Kuitaka taasisi iliyokabidhiwa mali ya umma iwe na mlango unaofunguka ukigongwa ni kitu kingine. Anwani za IP ni mali iliyogawiwa kwa masharti. Sijasema jina la fundi na nyumba yake viwekwe hadharani. Weka baruapepe ya cheo, siyo ya mtu, isomwe na watu wawili watatu, simu ya ofisi, basi. Na kuhakiki siyo kuchapisha: rejesta inaweza kujua kwamba anwani inafanya kazi bila kuitangaza kwa kila mpita njia. Tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, tuitumie hiyo kubana wanaotangaza ovyo, tusiitumie kama chaka la kujificha wazembe.

Na wenzetu wanafanya, siyo miujiza. Rejesta ya Marekani Kaskazini, ARIN, inawaandikia watu wa mawasiliano kila mwaka: bado upo? Usipojibu ndani ya siku 60 unawekwa alama kwamba hufai. Ulaya wanajaribu anwani za malalamiko kila mwaka. Asia na Pasifiki wanafanya kila baada ya miezi 6. Kwa majina ya kimataifa kama .com, mkataba wa ICANN wa mwaka 2013 unamlazimisha muuzaji ahakiki baruapepe au simu ndani ya siku 15, la sivyo jina linasimamishwa. Mkataba huo hauzibani .tz na ndugu zake, za nchi kila mmoja anajipangia. Basi tujipangie!

Hili la AFRINIC lina mwisho mbaya zaidi, na wengi hawakulifuatilia. Baada ya ile kashfa rejesta ilijaribu kufuatilia wenye mafungu makubwa, ikaburuzwa mahakamani, mwaka 2021 akaunti zake za benki zikazuiwa, ikakaa miaka bila bodi halali, Septemba 2023 mahakama ya Mauritius ikaiweka chini ya mfilisi. Juni 2025 wakasema sasa tuchague bodi. Uchaguzi ukasimamishwa katikati na kisha kufutwa. Sababu? Utata wa hati za uwakilishi, yaani nani ana haki ya kupiga kura kwa niaba ya kampuni gani. Mpaka Septemba 2025 ndipo bodi ikapatikana. Mnaona inavyorudi palepale? Mwanachama ambaye kwenye daftari ni mzimu, kura yake inaweza kupigwa na yeyote mwenye karatasi. Kampuni za Tanzania nazo ni wanachama kule, na bodi ile ndiyo inayoamua anwani zilizobaki za bara hili zinakwenda wapi.

Kwa hiyo nauliza TCRA, wenye leseni za kila mtoa huduma mkononi: mnaweza kuzima laini ya bibi wa Kitangari kwa kukosa kidole, mnashindwa nini kuweka sharti kwenye leseni kwamba mawasiliano ya rejesta yahakikiwe mara moja kwa mwaka na matokeo yatangazwe kwa jina la kampuni? Mamlaka ya Serikali Mtandao nao, orodha ya majina ya go.tz wanayo. Waandike barua moja siku moja kwa kila anwani, wahesabu ngapi zimejibu baada ya wiki mbili. Wakitangaza hiyo hesabu nitaiandika gazetini hata mhariri akinuna.

Na ninyi wasomaji wangu mnaokaa kwenye viyoyozi Posta na Masaki mkijiita maafisa TEHAMA, najua mnanisoma. Fungueni Whois leo, andikeni jina la ofisi yenu, muone nani kaandikwa. Kama ni yule bosi mliyemfanyia sherehe ya kumuaga, nitumieni ujumbe. Majina ya ofisi sitayatoa, nataka idadi tu.